Mashine ya kusafisha damu si kifungo cha maisha

"Ukishaingia kwenye ile mashine, hutoki." Maneno haya yamewafanya ndugu wengi wasite kusaini fomu huku mgonjwa akizidi kuvimba miguu na kukosa pumzi. Mara nyingi huwa kweli kwa mtu ambaye figo zake zimeharibika taratibu, miaka na miaka, kwa kisukari au presha. Figo zikifeli ghafla, habari ni nyingine.

Chukua mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Figo zimekosa damu, seli zake zimeumia, na kwenye mfuko wa mkojo mna vijiko vichache tu, vyeusi kama chai ya rangi. Seli hizo zinaweza kuota upya. Mashine inamshikilia kwa muda huo. Mkojo ukirudi na kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, ikashuka yenyewe, mashine inasimamishwa. Wapo wasiopona, hilo sitalificha, lakini wengi huiacha baada ya wiki kadhaa.

Tiba hufuata chanzo: malaria kali, kuharisha, dawa ya maumivu kama diklofenaki, au jiwe lililoziba njia ya mkojo. Hata kreatinini hulinganishwa na ya mgonjwa mwenyewe. Ikipanda mara 1.5 ndani ya siku 7, figo zimeumia, hata kama kwa bibi aliyekonda namba bado inaonekana ndogo.

Wala si kila mtu huwahishwa mashine. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kuianza mapema, pasipo dharura, hakukupunguza vifo. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ikipanda mno au maji yakijaa mapafuni, hapo hakuna kusubiri.