Samaki wa Jana, Kichwa cha Leo: Maswali na Majibu Kuhusu Histamini

Nikila samaki uso unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Wiki nyingine nakula samaki wa aina ile ile na sipati kitu. Hii ni aleji?

Aliyeuliza ni mama mwenye kibanda cha chakula Busia, upande wetu wa Uganda. Aleji ya kweli haina siku ya mapumziko. Mwenye aleji ya samaki akionja kipande tu, leo au mwezi ujao, mwili utamkatalia. Huyu mama leo anaumwa, kesho haumwi, na sufuria ni ile ile, sangara ni yule yule. Nikamwuliza: hao samaki ulinunua saa ngapi? Akafikiri kidogo. Siku alizoumwa alikuwa amenunua jioni, wale waliolala mezani kwa mchuuzi tangu asubuhi, maana jioni bei hushuka.

Nikamwuliza la pili: wateja wako je? Akacheka. Kumbe siku moja wawili walirudi kulalamika kwamba pilipili imezidi, na yeye hakuweka pilipili. Hapo nikajua tunazungumzia histamini, na pengine mwili wa mama hauna kasoro yoyote.

Histamini ni kitu gani?

Ni kemikali ambayo mwili wako unaitengeneza kila siku. Mbu akikuuma, kile kivimbe kinachowasha ni kazi yake. Tumboni huamsha utoaji wa asidi, na kwenye ubongo husaidia kukuweka macho. Mwaka 1910 Waingereza Henry Dale na Patrick Laidlaw walieleza jinsi inavyotanua mishipa ya damu, kushusha presha na kukaza misuli ya ndani. Ndiyo maana ikizidi uso huwaka, kichwa hugonga na tumbo husokota.

Njia nyingine ya kuipata ni sahani. Nyama ya samaki ina kitu kinachoitwa histidini. Samaki akishakufa, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na matumbo yake huanza kuigeuza histidini kuwa histamini. Kwenye barafu wanafanya kazi kwa uvivu sana. Kwenye meza ya mbao chini ya jua wanachapa kazi.

Utumbo mwembamba una kimeng'enya, kwa kifupi DAO, kinachoivunja histamini kabla haijaingia kwenye damu. Fikiria foleni ya malori Malaba. Malori yakija machache, ofisa anayakagua na kuyaruhusu bila mtu kusikia kelele. Yakija mengi kwa mpigo, foleni inafunga barabara. Na kama ofisa ni mmoja tu, au anaumwa, hata malori kumi ni balaa. Mtu mwenye DAO isiyotosha ndiye tunayesema hastahimili histamini.

Nitajuaje kama tatizo ni mimi au ni samaki?

Hesabu walioumwa. Mkila wanne na watatu wakawaka, kosa ni la samaki. Hiyo ni sumu ya histamini, na humwangusha hata mwenye utumbo wa chuma. Viwango vya kimataifa vya Codex vinakataza samaki mwenye zaidi ya miligramu 200 za histamini kwa kilo. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili na mara nyingi huisha siku hiyo hiyo au kesho yake.

Ukiumwa wewe peke yako, tena mara kwa mara, na si kwa samaki tu bali pia baada ya pombe au kiporo, hapo tunaanza kufikiria kutostahimili histamini. Nasema kufikiria, kwa sababu wanasayansi wenyewe bado wanabishana ni watu wangapi hasa wana hali hii. Kabla ya kuilaumu histamini, ondoa kwanza yaliyo ya kawaida kwetu: vidonda vya tumbo, minyoo, tumbo lisilopatana na maziwa, presha, kipandauso. Nimeona watu waliojinyima nusu ya soko kwa miezi, kisha dawa ya vidonda ikawamalizia shida.

Lini nisingoje?

Midomo, ulimi au koo likivimba, pumzi ikibana au ikipiga filimbi, ukisikia kizunguzungu cha kutaka kuanguka: chukua boda, chukua gari la jirani, fika hospitali. Usikae kunywa maziwa ukisubiri "sumu itoke". Huenda ni aleji kali, na hiyo hutibiwa kwa sindano ya adrenalini.

Nikimkaanga samaki mpaka akauke, histamini si inakufa?

Haifi, kwa sababu haina uhai. Moto unawaua bakteria, lakini kile walichokwisha kutengeneza kinabaki. Kumkausha, kumbanika, kumgandisha, kumtia kopo: vyote vinaiacha ilivyo. Ndimu nayo inaondoa shombo tu. Na usitegemee pua, maana samaki anaweza kuwa na histamini nyingi kabla hajaanza kunuka. Wakati mwingine hutoa ladha ya ukali kama pilipili, kinywa kikachonyota. Ukiisikia hiyo, tema na uache sahani. Wale wateja wa Busia walikuwa sahihi kuliko walivyojua.

Basi samaki nimchague vipi?

Nenda mapema. Mimi nikiwa Ggaba, soko la samaki kando ya ziwa Kampala, sikubali kuonyeshwa samaki kwa mbali. Nainua kifuniko cha tamvua: pawe pekundu kama damu mbichi, si kahawia. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama na kuwa la maziwa. Nabonyeza mgongo kwa kidole, na shimo linalobaki linatosha kunirudisha nyuma. Kisha naangalia alilazwa juu ya nini. Aliyelazwa kwenye barafu tangu mtumbwini ni samaki mwingine kabisa na yule aliyemwagiwa maji mara kwa mara ili ang'ae. Mwulize mchuuzi samaki ametoka maji saa ngapi. Wengi hujibu kwa uaminifu ukiwa mteja wao.

Mtoe matumbo na matamvua hapo hapo, mbebe juu ya barafu, mpike siku hiyo. Usiponunua mapema, nunua nyama au mayai.

Ngege, yaani sato, ana histidini kidogo kuliko samaki wa bahari kama jodari na vibua. Kwa hiyo ukiwa na mwili mwepesi kuwaka, ngege wa siku hiyo ni afadhali kuliko kopo la samaki wa bahari.

Mukene, yaani dagaa wa ziwani, ni habari ndefu kidogo. Huanikwa mzima na matumbo yake, kwa hiyo bakteria wamo ndani. Siku ya jua kali anakauka haraka na bakteria hawapati nafasi. Msimu wa mvua anaweza kukaa siku kadhaa mbichi nusu, kavu nusu, juu ya mchanga, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Tafuta aliyeanikwa juu ya chanja, mkavu wa kuvunjika kama kijiti, wa rangi ya fedha. Aliyegeuka njano na kunuka mafuta ya zamani mwache. Lakini tafadhali, usimwondoe mukene kwenye uji wa mtoto kwa sababu tu umesoma makala kama hii. Ni protini na kalsiamu ya bei nafuu kuliko karibu kitu chochote sokoni, na watoto wengi wanamla bila shida.

Orodha niliyopata mtandaoni inakataza jibini iliyokomaa, salami, kabichi chachu na divai nyekundu. Mimi sili hata kimoja. Yangu ni ipi?

Orodha hizo zimeandikwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya kabati lao. Kwetu usianze na majina ya vyakula, anza na umri wake.

Cha kwanza ni kiporo. Mchuzi wa samaki au nyama uliolala jikoni usiku kucha, ukapashwa asubuhi, ukabaki tena hadi jioni, unaongeza histamini kila saa. Mwenye friji na agawe chakula kwenye vyombo vidogo kikiwa kipya, agandishe kabla ya saa mbili kupita. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo. Asiye na friji apike kitoweo cha kuisha. Ndiyo, najua ni gharama ya makaa. Basi pika posho, yaani ugali, nyingi ukitaka, hiyo ikilala haina tatizo hili. Kitoweo ndicho kipikwe kwa kipimo.

Cha pili ni vilivyochachushwa. Malwa na tonto ni pombe za chachu, na pombe yenyewe ina kosa la ziada: inaizuia DAO isifanye kazi. Ni sawa na kuleta malori mapya Malaba na kumwita ofisa aende chai. Waragi imetoneshwa, kwa hiyo haibebi histamini nyingi, lakini kwa hilo la kumwondoa ofisa ni bingwa. Samaki wa jioni na waragi mezani ni mkutano mbaya. Bongo, yaani maziwa ya mgando, na bushera, kile kinywaji cha nafaka kilichochacha, hutofautiana mno kati ya chombo na chombo. Jaribu kidogo, kipya, ujionee.

Kwenye mboga, zinazojulikana kuwa na histamini yake ni spinachi, biringanya, nyanya na parachichi. Si nyingi kama samaki aliyelala, na watu wengi wanazivumilia kwa kiasi. Ndizi mbivu na machungwa yana putresini, kitu kinachosimama kwenye foleni ile ile kikingoja DAO. Mayai, licha ya kelele za mtandaoni, hayana histamini ya kutaja. Rolex, ile chapati inayoviringishwa na yai na nyanya, ikikuumiza, itazame nyanya kabla ya yai.

Matooke, posho, wali, viazi, mihogo, nyama ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi, kuku aliyechinjwa kwako, maziwa mabichi yaliyochemshwa: kula kwa amani. Ukitazama vizuri ni chakula cha kijijini, kipya na cha siku hiyo.

Kuna kipimo cha damu?

Kipo cha kupima DAO, na baadhi ya maabara binafsi hukiuza. Majibu yake hayalingani vizuri na dalili, kwa hiyo sikushauri ukiuzie mbuzi. Kipimo chenye maana ni daftari la shule. Andika ulichokula, kilipikwa saa ngapi, kilinunuliwa lini, ulikunywa nini, dawa gani, na mwili ulisemaje. Kwa wiki mbili kula vipya tu, bila pombe, bila samaki wa kopo wala wa kukausha, bila mboga zile nne. Kama hakuna nafuu yoyote, histamini si mtuhumiwa wako. Acha kujinyima na urudi kliniki.

Nafuu ikija, rudisha kimoja kimoja, na kila kimoja ukipe siku mbili au tatu. Wengi hugundua kwamba wanaruhusiwa karibu kila kitu ila viwili vitatu, au kwamba nyanya si shida mpaka zikutane na mukene na bia usiku mmoja. Watoto, wajawazito na walio kwenye dawa za VVU au TB wasifanye hili bila mtu wa lishe kuwaangalia.

Natumia dawa ya kuzuia TB. Kuna uhusiano?

Upo, na nashangaa unavyosemwa mara chache. Isoniazidi, ambayo watu wengi wanaoishi na VVU hapa nchini hupewa kwa miezi kadhaa kuzuia TB, hupunguza nguvu ya DAO. Mtu aliyekula samaki maisha yake yote anaweza kuanza kuwaka uso na kupigwa moyo mbio ghafla, akadhani dawa "imemkataa". Usiiache dawa. Mweleze mhudumu aliyekuandikia, na kwa kipindi hicho kula samaki aliyevuliwa na kupikwa siku hiyo tu, kopo na mkavu uviweke kando. Asidi ya klavulani, inayochanganywa na amoksilini, nayo hutajwa kuizuia DAO, ila hiyo hunywewa siku chache tu.

Vidonge vya aleji na vile vya DAO vinasaidia?

Dawa kama setirizini hupunguza muwasho na kuwaka, ila haziondoi histamini iliyo tumboni. Zinafaa kwa siku mbaya, si za kumeza kila siku ili uendelee kula samaki wa jioni.

Vidonge vya DAO ni ghali, ushahidi wake bado ni mdogo, na vingi hutengenezwa kwa figo za nguruwe. Ndugu zangu Waislamu, someni lebo kabla ya kulipa.

Nilipokuwa mjamzito niliachana kabisa na kuwaka. Mtoto ana miezi minne, yote yamerudi. Nimeharibika?

Hapana, mama. Kondo la nyuma hutengeneza DAO kwa wingi sana, kiasi ambacho utumbo peke yake haukifikii, kwa hiyo kwa miezi ile ulikuwa na maofisa wa kukopeshwa. Wameondoka na kondo. Unanyonyesha, kwa hiyo usijinyime ovyo: kula vipya, kula vya kutosha, na daftari lako lianze na vitoweo vya jioni.