Je, wajua kwa nini risasi inamuumiza mtoto kuliko baba yake anayeishika kila siku?

Sio risasi ya bunduki. Nasema yale madini laini ya kijivu yaliyo ndani ya betri ya gari, yale ambayo wavuvi huku Pwani wanayayeyusha wapate chubwi za kuzamishia mshipi. Fundi betri anayashika miaka na miaka anajiona yuko fiti, halafu mtoto wake wa miaka miwili ndo anaanza tumbo, choo kigumu, hasira za ovyo, damu imepungua, hata yale maneno aliyokuwa ameshaanza kuyatamka yanapotea.

Shida ni kwamba mwili unaikosea hii kitu, unadhani ni kalsiamu. Na mtoto anajenga mifupa, kalsiamu anaitaka sana, kwa hiyo tumbo lake laweza kufyonza hadi nusu ya risasi aliyomeza, wakati mtu mzima hufyonza kama sehemu moja kwa kumi tu. Asiyekula vizuri au aliyepungukiwa madini ya chuma anafyonza zaidi. Halafu anatambaa, vumbi la sakafuni lote lake, mkono uko mdomoni kutwa. Ikifika kwenye ubongo ambao bado unajengwa inaharibu, na ulioharibika dawa haziurudishi. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema hakuna kiwango kilicho salama.

Mama Phyllis Omido wa Mombasa aliingia kazini mwaka 2009 kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru. Mwanawe mchanga akaugua, na alipokuja kupimwa akakutwa na risasi mwilini, imepitia kwenye maziwa yake mwenyewe. Hapo naumia kila nikikumbuka, mama anamnyonyesha mwanawe kwa mapenzi kumbe ndo njia ya sumu. Alipigana, akakamatwa, hakunyamaza, kiwanda kikafungwa 2014, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu.

(Usikatize kunyonyesha kwa woga lakini, pima kwanza usikie daktari anasemaje.)

Sasa nyumbani. Baba akitoka kwenye betri aoge na abadilishe nguo kabla hajambeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Sufuria iliyoyeyushia chubwi isirudi jikoni hata uisugue vipi, na kuyeyusha kwenyewe kusifanyike uani watoto wanapocheza. Sakafu ipige deki kwa kitambaa kibichi, fagio kavu linarusha vumbi tu. Mtoto anawe mikono kabla ya kula. Rangi ya zamani inayobanduka ukutani usiikwangue yeye akiwepo. Na jamani wanja wa manga, najua bibi zetu wanampaka mtoto tangu siku za arobaini, ila wanja mwingi wa mawe ni risasi yenyewe iliyosagwa, tumuache na macho yake. Dagaa, maharage, mchicha, maziwa, machungwa vinasaidia mwili usiifyonze sana.

Ukiwa na wasiwasi ni kipimo cha damu cha kutafuta risasi, na ukifika hospitali sema mwenyewe kwamba nyumbani kuna mtu anavunja betri, maana usiposema watapima malaria, watakuta hamna, mtarudishwa na vidonge vya minyoo.