Kabla hujailaumu draiva, ijue kadi yako

"Fundi, mimi nilisasisha draiva tu."

Hilo "tu" nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikilisikia naweka kikombe cha chai pembeni. Safari hii lilitoka kwa kijana anayehariri video za harusi, kaja na bodaboda kutoka Mbagala, CPU kaipakata mapajani imefungwa kanga. (Najua, CPU ni ile chipu ya ndani, siyo boksi zima. Lakini Kariakoo nzima inaliita boksi CPU, na mimi si mtu wa kugombana na mtaa.) Programu yake ya kuhariri ilikuwa imemwambia draiva ya kadi ya grafiki imepitwa na wakati. Akaingia kwenye tovuti ya NVIDIA, akachagua GTX 1050 Ti, akapakua, akabofya kubali, kubali, kubali. Katikati ya kusakinisha kioo kikawa cheusi, na hakikurudi. Ndani mle mlikuwa na harusi mbili, na bibi harusi mmoja ameshaanza kupiga simu.

Nitarudi kwake. Kwanza nieleze ninavyoianza kazi ya namna hii, maana wengi huianzia mwisho: wanafuta draiva, wanaweka nyingine, wanafuta tena, bando linaisha na kioo bado cheusi.

Draiva ni mkalimani. Windows na magemu vinatoa maagizo kwa lugha moja, na kila familia ya chipu za grafiki ina lugha yake. Faili moja unayopakua, ambayo kwa NVIDIA au AMD leo inazidi MB 600 bila wasiwasi, imebeba wakalimani wa kadi nyingi kwa pamoja. Kisakinishi huiuliza kadi "wewe ni nani?", kisha kinamchagua mkalimani kulingana na jibu. Matatizo karibu yote ninayoyaona yanatokea hapo: kadi ni ya zamani na mkalimani wake keshaondolewa kwenye kifurushi, au wakalimani wawili wanaongea kwa wakati mmoja, au kadi ni mgonjwa. Au imejibu uongo.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, tafuta jina la kweli la kadi. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, panua Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, maana yake Windows imeweka mkalimani wake wa dharura: picha ipo, maandishi makubwa makubwa, gemu hakuna. Hilo si jina la kadi. Fungua Properties, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_ na tarakimu. VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Namba inayofuata DEV_ ndiyo kadi yenyewe. GTX 1050 Ti ya kweli, kwa mfano, ni 1C82. Itafute hiyo kwenye mtandao. Jina lililoandikwa kwenye boksi, au alilokutajia muuzaji, liweke kando kwanza.

Ukishajua jina, uliza kama familia yake bado inahudumiwa. Hapa ndipo mashine zetu nyingi za mtumba zinapokwama, kwa sababu kompyuta inayotoka ofisi ya Ulaya na kupitia Dubai hadi kwetu inafika na kadi yenye umri wa mtoto wa darasa la sita. Kadi za NVIDIA za familia ya Fermi, yaani GeForce 400 na 500, draiva yao ya mwisho ya Windows ni 391.35 ya Machi 2018. Kepler, ambamo yumo GT 710 inayouzwa kila kona, ziliishia kwenye tawi la draiva namba 470. Maxwell na Pascal, yaani GTX 750 Ti, 900 na 1000, zimeaga masasisho ya magemu mwaka 2025. Zimebakiziwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Upande wa AMD, kadi za HD 7000 na ndugu zake wengi wa R7 na R9 zilisimamishwa mwaka 2021. Na kama Windows yako ni ya biti 32, NVIDIA waliacha kuitengenezea draiva mpya tangu 2018.

Ukiwa na GT 710 na ukalazimisha draiva ya mwaka huu, kisakinishi kitakuambia hakikuona kifaa kinachooana nacho. Watu wanalisoma hilo kama kosa. Si kosa. Ni jibu. Chukua 470, isakinishe, acha kuihangaikia.

Laptopu nazo zina mila zao. Kisakinishi cha Intel kinaweza kukukatalia kwa kusema draiva hii haijathibitishwa kwa kompyuta hii. Mara nyingi sababu ni kwamba mtengenezaji wa laptopu amerekebisha draiva yake mwenyewe. Nenda kwenye tovuti yake na namba ya modeli iliyobandikwa chini ya mashine.

Sasa tuseme kadi umeijua, draiva ni sahihi, na bado kioo ni cheusi. Usikimbilie kuzima. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo inaianzisha upya draiva ya grafiki bila kuzima kompyuta. Ukisikia mlio mfupi na kioo kikapepesa, mashine ni hai. Halafu angalia waya. Sicheki: mara kadhaa nimelipwa kwa kuchomoa waya wa monita kwenye ubao mama na kuuchomeka kwenye kadi. Mteja mmoja alinilipa mara mbili kwa kosa hilohilo.

Kama picha inarudi lakini mambo ni hovyo, jaribu kwanza kurudi nyuma. Kwenye Properties za kadi, kichupo cha Driver, kuna kitufe cha Roll Back Driver. Dakika mbili, hakuna bando. Kikiwa kimefifia, Windows haina nakala ya draiva ya awali ya kurudia, ndipo unaingia kwenye usafi wa kweli.

Usafi wenyewe naufanya hivi. Napakua draiva ninayoitaka kabla ya kufuta ya zamani, naiweka kwenye diski ya D au flashi. Kisha nachomoa intaneti, na hili watu wanalisahau: ukiiacha Windows na mtandao, mara tu unapofuta draiva yenyewe inakimbia kuchukua nyingine kutoka Windows Update, na unajikuta unasakinisha juu ya kitu ambacho hukukiweka. Nashikilia Shift, nabofya Restart, naingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha namba 4 kwa ajili ya Safe Mode. (Windows 11 yenye diski iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 njiani. Uwe nao kabla, kwa sababu ukikwama hapo mimi sina cha kukusaidia.) Ndani ya Safe Mode naendesha DDU, programu ya bure inayofagia mabaki yote ya draiva ya grafiki, kisha inaiwasha mashine upya. Nasakinisha draiva mpya, nawasha upya tena, ndipo narudisha intaneti.

Wapo wanaofanya DDU kila wanaposasisha, kama kunawa mikono. Mimi sioni haja. Naitumia mtu anapohama kutoka AMD kwenda NVIDIA, au usasishaji ulipokatikia njiani. Na kukatikia njiani kwetu kuna sababu moja kubwa: umeme. TANESCO ikizima wakati faili za draiva zinaandikwa, unabaki na nusu mkalimani. Kama huna UPS, sasisha kwenye laptopu yenye chaji, au usubiri siku ambayo mtaa umetulia.

Jambo jingine dogo linalowachanganya hata mafundi: kuzima na kuwasha si sawa na Restart. Windows ikiwa na Fast Startup, ukichagua Shut down haizimi kabisa. Inahifadhi sehemu ya mfumo, pamoja na hali ya draiva, na kuirudisha vilevile asubuhi. Mtu anazima mara tano akidhani anaipa draiva nafasi ya kuanza upya, kumbe ugonjwa unalala na kuamka nao. Chagua Restart.

Halafu kuna wale ambao kioo chao kinaganda kidogo, kinazimika, kinarudi na ujumbe kwamba draiva ya kioo iliacha kuitika na imepona. Hiyo ni Windows inafanya kazi yake. Tangu Vista, kadi isipoitika kwa sekunde 2 Windows huinyang'anya kazi na kuianzisha upya. Ukiingia Event Viewer utakuta tukio namba 4101. Mitandaoni utashauriwa uongeze hizo sekunde kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows. Kwa anayetengeneza video nzito naweza kuelewa. Kwa mwingine yeyote huko ni kumpa mgonjwa wa homa feni. Fungua boksi, toa vumbi, badilisha grisi ya joto iliyokauka, pima pawa saplai. Nimeona kadi zilizokwisha "kubadilishiwa draiva" mara kumi, na feni yake haizunguki.

Code 43 inastahili aya yake. Kwenye Device Manager inamaanisha Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti tatizo. Kwa kadi mpya inaweza kuwa draiva iliyoharibika, na DDU inaimaliza. Kwa RX 570 na 580 za mtumba nauliza swali jingine: ilichimba sarafu za kidijitali? Wachimbaji walizibadilishia BIOS, ile programu ndogo iliyomo ndani ya kadi yenyewe, ili kumbukumbu iende kasi, na draiva ya AMD ikikuta BIOS iliyoguswa hukataa kuiwasha kadi. Baadhi ya kadi hizo zina swichi ndogo pembeni, ya kuhamia BIOS ya pili. Isukume upande wa pili huku mashine imezimwa, ujaribu tena, kabla hujapakua hata MB moja.

Lakini nisiwe mtu wa kumlaumu mtumiaji tu. Watengenezaji nao hukosea. Machi 2010 NVIDIA waliiondoa draiva 196.75 baada ya watu kuripoti kwamba feni hazidhibitiwi na kadi zinapata joto kali. Aprili 2025 ile 576.02 ilifanya programu za kupima joto zisione mabadiliko baada ya kompyuta kuamka usingizini, ikabidi watoe kiraka, 576.15. Ndiyo maana kompyuta ya kazi siisasishi siku draiva inapotoka. Nasubiri wiki mbili, wenye haraka waumie kwanza.

Turudi kwa kijana wa Mbagala. Nilipofungua ile kanga na kuigeuza CPU, kabla hata ya kuiwasha, niliona kitu nyuma ya kadi: tundu la VGA, lile la bluu lenye pini 15.

"Kadi hii umeinunua wapi, mdogo wangu?"

Akanitajia duka. Akanitajia na bei, na bei yenyewe ilishajibu.

GTX 1050 Ti ni Pascal, na kadi za GeForce za Pascal hazitoi picha ya analogi. VGA haiwezi kuwemo pale. Niliiwasha kwa Safe Mode, nikafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure ambayo tangu 2018 inatambua NVIDIA za kughushi, na mbele ya jina ikaandika neno FAKE kwa herufi kubwa. Kore zilikuwa 192, za kweli ni 768. Kumbukumbu iliyodaiwa kuwa GB 4 ilikuwa GB 1. Ilikuwa GTS 450 ya mwaka 2010, familia ya Fermi, iliyoandikiwa BIOS ya uongo ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Muuzaji alikuwa ameweka draiva ya zamani iliyochezewa, na kadi ikaendelea kuishi kwa uongo huo kwa miezi. Siku draiva halisi ilipoiuliza "wewe ni nani?", ikajibu 1050 Ti, ikaletewa mkalimani wa Pascal, na chipu haikuelewa hata neno moja.

Nilimwambia. Alikaa kimya, kisha akauliza kama harusi zimepotea. Hazikupotea; diski haikuguswa. Nikaichomoa kadi, nikahamishia monita kwenye ubao mama. Kompyuta ilikuwa na i5 ya kizazi cha 4, yenye grafiki za Intel HD 4600 ndani yake, na hizo zina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video za H.264, ambazo ndizo kamera yake inatoa. Tukaweka draiva ya Intel kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, tukaiwezesha kwenye programu ya kuhariri. Haikuwa ya kurusha angani, ila ilitembea, na bibi harusi alipata video yake Jumamosi.

Aliyemuuzia hapokei simu. Kadi ikabaki kwangu, na jioni moja yenye utulivu niliirudishia BIOS ya asili, nikaweka 391.35. Ipo kwenye mashine ya majaribio pale mezani, inaonyesha picha safi kabisa. Device Manager inaiita GTS 450.