Korodani iliyojinyonga haitibiwi kwa vidonge

"Lakini daktari, si imevimba? Si ina joto? Basi ni maambukizi." Maneno haya nimeyasikia kwa wazazi, kwa wauza dawa, hata kwa wahudumu wenzangu. Mara ya mwisho aliyeyasema ni mama aliyeshika bahasha ya antibaiotiki za siku tano. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa anatembea ametanua miguu, mkono umeshikilia suruali isimguse. Vidonge vya siku mbili alishameza. Tulipofungua, korodani ilikuwa nyeusi, tukaitoa.

Dhana hii inaniuma kwa sababu dalili ni za kweli kabisa. Uvimbe upo, joto lipo. Kosa ni kudhani kila uvimbe wenye joto umeletwa na bakteria. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Ikijizungusha, ndiko kujinyonga: kamba inasokotwa, na vena, mishipa inayotoa damu, hubanwa kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini: damu inaingia ila haitoki, korodani inajaa na kukaza. Baadaye ateri, zinazoleta damu, nazo huziba. Tishu zikikosa oksijeni zinaanza kufa, na mwili hupeleka huko chembe nyeupe za damu. Inflamesheni mnayoiona, yaani huo uvimbe na joto, imeanzia hapo, kwenye damu iliyokatika. Antibaiotiki haifungui kamba. Tena dawa husafiri kwenye damu; itafikaje mahali ambapo damu haifiki?

Wala msiniletee karatasi ya maabara kwamba chembe nyeupe zimepanda. Hupanda kwenye maambukizi, na kwenye korodani iliyojinyonga pia huweza kupanda. Ultrasaundi ya Dopla, kipimo kinachoonyesha kama damu inapita, inasaidia kama ipo hapohapo. Kama ni ya kungoja hadi asubuhi, mimi namwingiza mtoto chumba cha upasuaji.

Hesabuni saa tangu maumivu yalipoanza, si tangu mlipofika hospitali. Ndani ya saa 6, karibu korodani 9 kati ya 10 huokolewa. Zikipita saa 24, nyingi zimeshakufa. Na ikichelewa kufunguliwa, damu inayorudi huja na inflamesheni yake, ikajeruhi hata tishu iliyokuwa imesalimika.

"Kagongwa mpirani tu." Huenda, ila wengi huamshwa na maumivu usingizini. Aliyegongwa na bado anaugulia baada ya saa moja, aje.

"Anatapika na tumbo linamuuma, ni chakula." Neva (mishipa ya fahamu) za korodani na za tumbo ziko pamoja, na kijana wa miaka 13 ataona haya kumwambia mama panapouma. Mvueni suruali mtazame. Kwa ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Tazameni korodani iliyopanda juu au kulala kiubavu, na ngozi iliyokaza ikang'aa. Na tafadhali, msimpe chai wala uji njiani, maana atahitaji dawa ya usingizi.

"Maumivu yameisha yenyewe, amepona." Ama imejifungua na itajisokota tena, ama imekufa. Vyovyote vile, aje leo.

"Akitolewa moja hatazaa." Iliyobaki ikiwa nzima, kwa kawaida inatosha. Ndiyo maana hatuiachi hivihivi: kasoro ya korodani kutoshikiliwa vizuri mara nyingi huwa pande zote mbili, kwa hiyo ya pili nayo tunaishonea mahali pake palepale kwenye meza ya upasuaji.