Samaki Tele, Spishi Chache: Dhana Potofu Kuhusu Bioanuwai ya Uganda

Dhana: Ziwa likijaa samaki, lina afya.

Kilo ni hesabu moja, spishi ni nyingine. Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, samaki wadogo ambao Waganda wanawaita nkejje, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Waligawana kazi: wapo waliokula mwani, waliopasua konokono, waliochambua tope. Miaka ya 1950 na 1960 akaingizwa sangara, yaani mputa, ambaye kabla ya hapo maporomoko ya Murchison yalimzuia asipande kutoka Ziwa Albert. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Viwanda vya minofu vikashamiri, huku spishi za furu zilizotoweka zikikadiriwa kufika 200.

Dhana: Sangara aliwamaliza peke yake.

Aliwala, hilo halina ubishi. Lakini maji taka ya miji na udongo wa mashambani vilirutubisha mwani. Mwani ukifa huzama, ukaoza, na kuoza huko hula oksijeni ya chini ya ziwa.

Kuna na jambo la rangi. Jike la furu humtambua dume wake kwa rangi. Huko Mwanza, kusini mwa ziwa, wanaishi furu wa jenasi Pundamilia (ndiyo, jina ni la Kiswahili, kwa ajili ya milia yao): dume wa spishi moja ni wa bluu, wa nyingine ana wekundu mgongoni. Maji yakichafuka mwanga hupungua, jike hashiki tofauti, spishi mbili zinazaana hadi zinakuwa moja. Huoni mzoga wala mtego.

Hata msitu ulilipa gharama. Nkejje ni mdogo, huanikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, hukaushwa kwa moshi, na moshi unataka kuni.

Dhana: Mafunjo ni pori la kufyekwa.

Mafunjo ni majani marefu yanayoota majini ukingoni mwa ziwa; usiyachanganye na magugu maji, ambayo ni mgeni msumbufu. Ndani ya mafunjo oksijeni ni haba mno. Sangara haivumilii hali hiyo, hivyo huishia ukingoni; baadhi ya furu wanaivumilia. Katika Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, furu kadhaa walinusurika kwa kujificha humo. Anayefyeka ukingo ili apande mpunga anamfungulia sangara mlango.

Dhana: Nchi ya ikweta ina spishi nyingi, chache zikipotea si neno.

Ni kweli spishi huongezeka kuelekea ikweta, na Uganda ina za ndege zaidi ya 1,000. Ila spishi nyingi za tropiki huishi eneo dogo sana. Gorila wa milimani, waliohesabiwa 1,063 katika takwimu zilizotolewa 2019, wapo sehemu mbili tu: eneo la Bwindi na milima ya Virunga.

Dhana: Kilichopotea hurudishwa, mbona kifaru amerudi?

Ujangili ulimaliza vifaru wa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2005 wanne waliletwa kutoka Kenya hadi hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, na wamezaana vizuri. Lakini hao ni vifaru weupe wa kusini. Waliokuwako Uganda walikuwa weupe wa kaskazini na weusi. Kwa furu hata mbadala wa namna hiyo ni shida: baadhi ya spishi zimebaki kwenye matangi ya kioo tu, huko Ulaya na Marekani.