Namba 1 si kipa: yanayosemwa kuhusu fulubeki wa raga ya ligi, na ukweli wake

Hapa Mbeya kila mchezo tunausoma kwa macho ya soka. Ndivyo tulivyokulia, na mechi za Mbeya City na Prisons pale Sokoine. Basi vijana wakinionyesha kwenye simu vipande vya NRL, ligi kuu ya Australia ya raga ya ligi, yaani raga ya wachezaji 13 kila upande, swali la kwanza huwa hilohilo: “Kocha, huyu mwenye jezi namba 1 si ndiye kipa wao?” Huyo ndiye fulubeki, mlinzi wa nyuma kabisa. Nalijibu kwa urefu kila mara, kwa sababu kijana mwenye kasi na akili ya kusoma mchezo akishaambiwa nafasi hiyo ni ya kusimama nyuma, hamu inamwisha.

“Fulubeki anasubiri nyuma kama kipa”

Fulubeki hana goli la kulinda. Ana upana wote wa uwanja, mita 68, na anaulinda kwa miguu na kwa sauti. Katika raga ya ligi, timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa mara sita tu. Ya sita ikifika bila trai, yaani bila kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana baada ya kukabwa mara ya tano wengi huupiga kwa mguu. Muda wote huo fulubeki yuko nyuma ya mstari wa wenzake anapiga kelele: wawili waende kulia, fulani asogee ndani, angalia yule asiye na mtu. Yeye ndiye anayeliona pengo ambalo walio mbele hawawezi kuliona. Akinyamaza, ukuta unapasuka.

Halafu mpira unapigwa juu. Mtazame vizuri hapo. Anakimbia macho yakiwa angani, anaruka na goti moja mbele, anageuza bega, anaupokea kwa viganja na kuukumbatia kifuani. Wapinzani hawaruhusiwi kumkaba akiwa hewani, lakini nyayo zikigusa nyasi tu, watu wawili watatu wameshamfikia. Wakimbana na mpira nyuma ya mstari wake mwenyewe wa trai, timu yake inalazimika kuupiga kutoka palepale chini ya milingoti, kuwapelekea haohao waliombana, nao wanaanza upya na nafasi sita. Kuchelewa nusu sekunde kunawachosha wenzake wote kumi na wawili.

Timu yake ikishambulia, ndipo anapokimbia zaidi. Anaufuata mpira upande hadi upande, kisha anachomoza ghafla nyuma ya wenzake pale ambapo walinzi wamepungua. Sehemu kubwa ya mbio zake ni za bila mpira. Mimi huwaambia vijana: ukitaka kumjua fulubeki mzuri, angalia alikuwa wapi sekunde tano kabla hajapewa pasi.

“Raga ni raga, yote sawa”

Hapana, na historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana kwenye hoteli ya George mjini Huddersfield zikajitenga na chama cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani. Kuacha kazi Jumamosi kwenda kucheza kulikuwa kupoteza ujira. Klabu zilitaka kuwafidia, wakubwa wa mchezo wakakataa. Mwaka 1906 waliojitenga wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na raga ya ligi ikazidi kwenda njia yake. Ile ya wachezaji 15 ilikuja kuruhusu malipo rasmi mwaka 1995, miaka mia moja baadaye.

Malipo yenyewe nayo yana mipaka. NRL inaweka kikomo cha jumla ya mishahara ya kila klabu. Mwaka 2010 klabu ya Melbourne Storm walikutwa wamekivuka kwa siri, wakanyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009. Fulubeki wao alikuwa Billy Slater. Kabla ya umaarufu alifanya kazi ya kuwakimbiza farasi wa mashindano mazoezini. Hadi anastaafu mwaka 2018 alikuwa amecheza mechi 319 za ligi hiyo na kufunga trai 190.

“Lazima uwe jitu”

Clive Churchill, fulubeki wa zamani wa klabu ya South Sydney ya Australia, alikuwa mdogo wa umbo hata jina lake la utani likatokana na udogo huo. Leo mchezaji bora wa fainali ya NRL anavishwa medali yenye jina lake. Slater naye, ambaye si mrefu, aliitwaa mara mbili, 2009 na 2017.

“Ukivaa namba 1, utastaafu nayo”

Darren Lockyer alikuwa fulubeki wa kutajwa duniani, mwaka 2004 akahamia katikati kuongoza mashambulizi. Roger Tuivasa-Sheck alikuwa mchezaji bora wa NRL mwaka 2018 akiwa fulubeki, akaenda raga ya wachezaji 15 na kuichezea New Zealand mwaka 2022, kisha akarudi ligi mwaka 2024 na kuanza katika nafasi nyingine, si fulubeki.

“Ukiumia umekwisha”

James Tedesco alikatika kano ya goti katika mechi yake ya kwanza kabisa ya NRL, mwaka 2012. Miaka kumi baadaye alikuwa nahodha wa Australia iliyobeba Kombe la Dunia. Goti linatengenezwa. Kichwa ndicho kinachonitia hofu, na hapo sitanii na mchezaji wangu yeyote. NRL sasa inamtaka aliyepata mtikisiko wa ubongo akae nje siku zisizopungua 11, isipokuwa kwa kibali maalumu cha madaktari. Huku kwetu kijana anamwagiwa maji kichwani na kurudishwa uwanjani. Tuache hilo leo hii.

“Sisi wa milimani tuna mapafu, tumeshamaliza”

Hili nalisikia Mbeya, nalisikia Iringa. Ni kweli kuishi kwenye mita 1,700 kunausaidia mwili kubeba oksijeni. Lakini fulubeki hakimbii mbio ndefu za mwendo mmoja. Anachomoka mita 20, anaanguka, anainuka, anarudi nyuma akitazama mbele, anachomoka tena, kwa dakika 80. Hilo mlima haulifundishi.

Kuna jambo jingine tunalolisahau. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo mpira unaopigwa Mbeya unakwenda mbali kuliko uleule ukipigwa Dar es Salaam. Kijana aliyezoea kudakia huku akishuka pwani atajikuta amerudi nyuma mno, mpira unadondoka mbele yake. Mpeni siku mbili za kudaka kabla ya mechi, tena wenzake wawili wakimkimbilia kwa kasi usoni.