Kupima uendelevu wa ukuta wa udongo ulioimarishwa: anza na kifusi

Kuta wima za vibao vya zege zinazoinua barabara kuelekea daraja la juu mara nyingi hazisimami kwa nguvu ya zege. Nyuma yake kuna tabaka za udongo ulioshindiliwa, ndicho kifusi, na kati ya tabaka hulazwa mikanda ya chuma au ya plastiki iliyofungwa kwenye vibao. Msuguano wa udongo na mikanda ndio unaoshikilia kila kitu. Mhandisi Mfaransa Henri Vidal ndiye aliyeipa mbinu hii sura yake ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sifa yake kubwa ni kula zege kidogo, na ni sifa ya kweli. Ukuta wa kimo cha mita 5 wenye vibao vya unene wa sentimita 14 unahitaji mita za ujazo 0.7 za zege kwa kila mita ya urefu. Ukuta wa zege na nondo wa kimo hicho, pamoja na kitako chake, hula kama mita za ujazo 3. Tathmini nyingi huishia hapo, na hapo ndipo zinapopotoka.

Urefu wa mikanda kwa kawaida haupungui asilimia 70 ya kimo cha ukuta, yaani mita 3.5 hapa. Kwa hiyo kila mita ya ukuta inabeba mita za ujazo 17.5 za kifusi, takribani tani 35. Tukikadiria kwamba lori hutoa gramu 100 za hewa ukaa kwa kila tani kwa kilomita, kifusi cha kutoka kilomita 50 kinazalisha kilo 175. Saruji yote ya vibao vya mita hiyo inazalisha kama kilo 200. Machimbo yakiwa kilomita 10, usafiri unashuka hadi kilo 35. Ukuta wa zege nao hujazwa udongo nyuma, ila haudai kifusi safi kiasi hicho.

Basi kwa nini tusitumie udongo wa palepale? Mara nyingine inawezekana, lakini upimwe kwanza. Mwongozo wa Marekani unaotumika sana unataka chembe zinazopita chekecheo la milimita 0.075 zisizidi asilimia 15, na kipimo cha unyumbufu, yaani jinsi udongo wenye maji unavyofinyangika, kisizidi 6. Udongo wa mfinyanzi hushika maji, shinikizo likapanda na msuguano ukapungua. Kuta nyingi za aina hii zilizobomoka zilikuwa na kifusi cha chembe laini na maji yasiyokuwa na pa kutokea. Ukuta unaojengwa mara mbili umetumia saruji, dizeli na fedha mara mbili, hata kama ripoti yake ya kwanza ilipendeza. Tabaka la kokoto na bomba la kutolea maji liingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kwa wajenzi wa pwani, chumvi ni suala zito. Penye mikanda ya chuma, kloridi kwenye kifusi isizidi sehemu 100 kwa milioni, na pH, kipimo cha asidi na alkali, iwe kati ya 5 na 10. Katika udongo unaotimiza masharti hayo, zinki ya mikroni 86 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inayofunika mikanda hukadiriwa kupoteza mikroni 15 kwa mwaka kwa miaka 2, kisha 4 kwa mwaka, hivyo huisha baada ya miaka 16. Baada ya hapo chuma huliwa mikroni 12 kwa mwaka kila upande. Kufikia mwaka wa 75, mkanda wa milimita 4 umebaki na milimita 2.6. Mchanga wa ufukweni huvunja hesabu hiyo yote. Mikanda ya poliesta haiogopi kutu, lakini pH ikipita 9, kama kwenye udongo uliochanganywa chokaa, nyuzi zake huoza.

Kwenye eneo la kazi, mtambo mzito usikaribie vibao kwa chini ya mita 1. Hapo hutumika mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono, la sivyo ukuta unatokeza tumbo.

Madhara kwa mazingira yahesabiwe kwa kufuata ISO 14040, kiwango cha kimataifa cha tathmini ya mzunguko wa maisha, tangu machimboni hadi ukuta unapovunjwa. Kisha yaunganishwe na gharama za maisha yote ya ukuta na mambo ya jamii: vumbi, malori kwenye mitaa ya watu, ajira, muda wa kufunga barabara. Mbinu ya MIVES, iliyozaliwa Hispania, hugeuza kila kipimo kuwa alama kati ya 0 na 1, kisha huipa uzito kulingana na umuhimu wake. Uthabiti wa ukuta usipewe alama kamwe. Ni sharti la kuingia, usije ukafidiwa na bei nafuu. Uzito upangwe kabla zabuni hazijafunguliwa, wakiwemo wakazi wa jirani. Baadaye uzito huo ubadilishwe kidogo huku na huku: muundo unaoshinda ukibadilika, ripoti iseme wazi kwamba miundo inayoshindana inakaribiana, na uamuzi urudi kwenye umbali wa machimbo na vipimo vya maabara.